Bahari inapanda: sisi watu wa Katanga, inatuhusu?



Kisha mafundisho ya vijana, kijana mmoja aliniuliza hivi: "Pasta, kwa radio banasema maji ya bahari iko inapanda. Sisi huku tuko na shaba na mavumbi. Bahari itatufanya nini?" Wenzake walicheka. Lakini ni ulizo zuri, nami nalijibu hapa ili wazazi pia walisikie.

Bahari inapanda kwa sababu mbili. Mama akiweka sufuria iliyojaa maji juu ya moto, yanamwagika kidogo hata mbele ya kuchemka, sababu maji yakipata moto yanavimba. Bahari ni vilevile: dunia imepata joto kwa moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kwa kukata misitu. Sababu ya pili ni barafu iliyo juu ya inchi kavu, kama kule Greenland na juu ya milima mirefu. Inayeyuka, na maji yake yanashuka baharini. Tangu 1901 mpaka 2018 bahari ilipanda karibu sentimeta 20.

Utasema: sentimeta 20 haifiki hata gotini! Ni kweli. Lakini bahari haikai kimya kama maji ya beseni. Upepo mkali unapoisukuma, inaanza kupanda kutoka juu ya zile 20, na ukuta uliowatosha wazee wetu hautoshi tena.

Tutazame mji wa Beira, kule Msumbiji. Wazee waliofanya kazi kwa reli wanalijua jina hilo. Reli ilipofika Élisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, na shaba ya miaka ile ilipita Beira kwenda Ulaya. Mji huo una watu zaidi ya 500,000, na umejengwa chini sana; sehemu zingine ziko chini kuliko bahari wakati maji yamejaa. Mito miwili mikubwa, Pungwe na Buzi, inaingia baharini hapo.

Usiku wa tarehe 14 Machi 2019 kimbunga kilichoitwa Idai kilipiga Beira. Upepo ulibomoa mapaa na kusukuma bahari ndani ya mji. Kisha mvua kubwa ikajaza mito kule juu. Munajua mto unafanya nini ukifika chini na kukuta mlango umefungwa? Unatanda. Kandokando ya Buzi maji yalifunika vijiji na mashamba ya mahindi yaliyokaribia kuvunwa, na watu walikaa siku nyingi juu ya mapaa na miti wakingoja msaada. Msumbiji peke yake ilizika watu zaidi ya 600. Kisha kolera ikaingia.

Sasa musikie hili. Kule Chimanimani, katika milima ya Zimbabwe, mbali na pwani, mvua ya kimbunga kile kile iliangusha udongo na mawe juu ya nyumba usiku. Wale hawakuguswa na maji ya bahari, lakini hewa iliyotoka baharini ikiwa na joto na maji mengi ndiyo iliyowafikia. Na barabara inayotoka Beira kwenda Zimbabwe ilikatika. Ndiyo moja ya njia za makamioni tunayoyaona yakipanga mstari Kasumbalesa. Shaba na kobalti yetu inatokea Dar es Salaam, Durban, Beira na Walvis Bay, zote bandari za bahari. Bandari ikifungwa, dereva analala njiani, na baba anayengoja mshahara wa kampuni analala pia na mawazo. Kwa hiyo, kijana wangu, bahari inajua Kolwezi.

Wengine wananiambia: "Pasta, Mungu alimwahidi Noa kama gharika haitarudi." Someni vizuri Mwanzo sura ya 9. Mungu aliahidi kutoharibu tena kila chenye mwili kwa maji. Hakuahidi kama Beira haitafunikwa, wala kama nyumba iliyojengwa ndani ya bonde la mto haitachukuliwa. Tena Noa mwenyewe hakukaa akiimba tu, alichukua shoka.

Hapa nirekebishe jambo moja. Mwaka 2024 maji ya ziwa Tanganyika yaliingia ndani ya nyumba Kalemie, Uvira na Bujumbura, na nimesikia wahubiri wakisema ni bahari. Hapana. Ziwa liko juu ya bahari kwa zaidi ya meta 760. Lilijazwa na mvua. Tuwasaidie ndugu zetu waliopoteza nyumba, lakini tusiwafundishe uongo.

Watu wa Beira walifanya nini? Mbele ya 2019, wakati wa meya Daviz Simango, walichimbua mto mdogo Chiveve unaopita katikati ya mji, uliokuwa umejaa mchanga na takataka, na wakapanda mikoko kando yake. Walitengeneza pia mifereji. Kazi ile haikuzuia Idai, lakini ilisaidia maji kutoka. Januari 2021 kikaja kimbunga kingine, Eloise. Kilikuwa na nguvu ndogo kuliko Idai, lakini watu wengi walihamishwa mapema, na waliokufa walikuwa wachache sana kuliko ile mara ya kwanza.

Kwetu, kaniveau imejaa mifuko ya plastiki, na mvua inaanza Oktoba au Novemba. Viongozi wa vijana, musingoje barua kutoka kwa pasta.

Na mukimaliza kuzibua, muchukue karte ya Congo, mufuate maji yake kwa kidole. Yanayotoka Lubumbashi yanashuka Kafubu, Luapula, ziwa Mweru, Luvua, kisha Lualaba. Ya Kolwezi yanaingia Lualaba mapema zaidi, na ya Kalemie yanatoka ziwani kwa Lukuga. Yote yanapita Kisangani, Kinshasa na Matadi, mpaka Muanda, pwani yetu ndogo isiyozidi kilometa 40. Kule mawimbi yanakula ukingo, na watu wanarudisha nyumba zao nyuma.