Deni Liandikwe: Faini ya Kadi na Haki ya Mdaiwa



Jamaa zetu wengi wa Pwani wamehamia bara kwa ajili ya kazi na biashara, na Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji mwezi wa Desemba 2021, imewapokea wengi wao. Juma hili twaleta habari za dada yetu mmoja mkaazi wa huko, mwenye duka dogo la mabuibui na mitandio. Ametupa idhini kulisimulia lililomfika, ila jina lake tumelisitiri, na jina la benki halikadhalika.

Dada huyu alichukua kadi ya mkopo ili alipe karo ya wanawe wawili. Deni lilisimama kwenye shilingi 24,000, na kima cha chini cha kulipa kila mwezi kilikuwa shilingi 2,400. Mwezi wa kwanza alilipa kwa simu usiku wa Ijumaa, na siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi. Benki ikayaandika malipo yake Jumatatu, kisha ikamtoza faini ya shilingi 1,000 kwa kuchelewa. Mwezi wa pili alilipa mapema kiasi kile kile. Benki ikakata kwanza faini ya nyuma, ikahesabu kuwa amelipa shilingi 1,400 tu, ikamtoza faini nyingine kwa kupunguza malipo. Mwezi wa tatu mambo yakawa yayo hayo. Mwezi wa nne mamake alilazwa hospitali Mombasa. Akasafiri zaidi ya kilomita 600 kwenda kumuuguza, akasahau kabisa, akalipa siku tisa baada ya tarehe. Faini ya nne ikaingia. Na juu ya faini zote hizo, riba ikawa yapanda.

Kwa muda wote huo alinyamaza. Tulipomuuliza sababu, alituambia kuwa aliona haya. Alihofu watu wa mtaa wasije wakajua kuwa anadaiwa, na zaidi alihofu kuulizwa na wenziwe wa darsa: vipi mwanamke mwenye kusali aingie katika kadi yenye riba? Basi akawa alipa na kulia peke yake. Haba na haba hujaza kibaba, na faini ndogo ndogo ndivyo zinavyojaza deni.

Hapa twapenda kusema neno moja kwa uwazi. Suala la riba ni zito, na hukumu zake twawaachia masheikh wetu. Lakini kosa la kuingia mahali halimwondolei mtu haki ya kutodhulumiwa akiwa humo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu deni, na inaamrisha deni liandikwe kwa uadilifu na liwe na mashahidi. Aya ya 280 iliyotangulia yaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda. Kudai hesabu sahihi basi si utovu wa adabu. Ni katika uadilifu wenyewe.

Wahenga nao walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Dada yetu aliketi usiku mmoja baada ya Isha, akatoa taarifa za akaunti za miezi minne, akapekua simu yake akapata ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo, wenye tarehe, saa na nambari ya muamala. Akachora safu tatu katika daftari: siku aliyolipa, siku benki iliyoandika, na faini iliyotozwa. Lililokuwa donda moyoni likawa hesabu ya ukurasa mmoja.

Kisha akaandika barua kwa meneja wa tawi. Alitaja kila faini kwa tarehe yake. Alieleza kuwa ya kwanza ilitozwa ilhali fedha zilikwisha kutumwa kabla ya siku ya mwisho, na kuwa ya pili na ya tatu zilizaliwa na ile ya kwanza. Na ya nne? Aliandika kuwa hiyo ni yake, alichelewa kweli, na atailipa. Mwanawe mkubwa alimwambia, "Mama, ya nini kujishitaki? Zidai zote." Akamjibu, "Mwanangu, nikidai isiyo haki yangu, nitakuwa na tofauti gani nao?"

Alipeleka nakala mbili, moja akaiacha benki na ya pili akagongewa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Wakati akingoja aliendelea kulipa kiasi kisicho na ubishi, kwani anayesusa kulipa kabisa humpa mdai hoja ya kweli.

Wiki ya kwanza hakujibiwa. Wiki ya pili alirudi na nakala yake yenye muhuri. Karani alimwambia kuwa mashine ndiyo inayotoza, naye hana la kufanya. Dada akaomba kwa upole aonyeshwe katika mkataba sharti linalosema malipo huhesabiwa siku benki inapoyaandika wala si siku yanapotumwa. Halikuonekana. Wiki ya tatu ikaja barua: faini tatu zimefutwa, pamoja na riba iliyopanda juu yake. Ya nne aliilipa.

Wasomaji wetu wapaswa kujua kuwa sheria ya Kenya haimwachi mdaiwa mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 champa mtumiaji haki ya kupata maelezo na kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki chazuia benki kupandisha kiwango cha tozo zake bila idhini ya Waziri, na mwezi wa Juni 2024 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Stanbic na kampuni ya Santowels, ilishikilia kuwa riba nayo imo katika tozo hizo. Kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika mwaka 2007, chasema mkopo ukishakwama, riba isizidi deni la asili lililokuwapo siku ulipokwama.

Benki ikikataa kusikiliza, malalamiko hupelekwa Benki Kuu ya Kenya, yakiambatishwa barua za awali na majibu yake. Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Mtu aweza kujisimamia bila wakili, na shauri hutakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Na asisahau mtu kuomba ripoti yake katika taasisi za taarifa za mikopo, ambayo hutolewa bure mara moja kwa mwaka, ili ahakikishe faini ya makosa haikumchafulia jina.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Uingereza, mwezi wa Aprili 2006, ofisi ya serikali ya kusimamia biashara ya haki ilitamka kuwa faini ya kuchelewa kulipa kadi inayozidi pauni 12 itachukuliwa kuwa si ya haki, na benki zikateremsha faini zao. Katika benki zinazofuata sharia, mteja anayechelewa aweza kutakiwa atoe fedha, lakini fedha hizo huenda kwenye sadaka, zisiwe faida ya benki.

Dada yetu alimaliza deni lote kabla ya Ramadhani, akairudisha kadi ile. Sasa ameanzisha na wenziwe wa darsa chama cha kuwekeana karo, na daftari analishika yeye. Alituambia kuwa siku alipowasimulia habari yake, wanawake watatu walimfuata baada ya darsa, kila mmoja na taarifa zake za akaunti mkobani. Wote walikuwa wakilia peke yao.

Wabillahi tawfiq.