Waya wa HDMI: Namba kwenye boksi si dhamana kwa mnunuzi

JANUARI 31, 2013, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam, mitambo ya analojia ilizimwa mjini Dodoma. Asiyekuwa na king'amuzi hakuona picha. Manung'uniko yalikuwapo, lakini zoezi lile lilikuwa na sifa moja: lilitangazwa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitaja tarehe, na mwananchi alijua anunue nini.

Septemba mwaka huohuo lilitoka toleo la 2.0 la HDMI, ule waya unaopeleka picha na sauti kwa pamoja kutoka kwenye king'amuzi au kompyuta hadi kwenye luninga. Safari hii mwananchi hakupigiwa mbiu.

Toleo la kwanza lilitolewa Desemba 2002 na kampuni saba, zikiwamo Sony, Toshiba na Philips. Toleo la 2.0 lilipitisha gigabiti 18 kwa sekunde, 2.1 la mwaka 2017 likafikisha 48, na 2.2 la mwaka 2025 likafika 96. Katika miaka yote hiyo umbo la tundu la kawaida halikubadilika. Waya wa zamani huingia kwenye luninga mpya bila kikwazo na picha hutoka, ila kwa kiwango cha kifaa dhaifu kuliko vyote katika mnyororo. Aliyelipia luninga ya 4K anaweza kutazama picha hafifu kwa miaka bila kujua.

Yako pia mazingira ambayo picha hukataa kabisa. Filamu nyingi za 4K hulindwa kwa kinga iitwayo HDCP 2.2. Luninga isiyoitambua hupewa picha ya kiwango cha chini, au skrini hubaki nyeusi, na fundi asiye mwangalifu atamwambia mteja kuwa luninga imeungua.

Kinachosikitisha zaidi ni suala la namba. Desemba 2021, wasimamizi wa leseni za HDMI walithibitisha kuwa kifaa kinaweza kuitwa 2.1 hata kama uwezo wake hauzidi ule wa 2.0, kwa kuwa mambo mapya ya toleo hilo si ya lazima. Kwa lugha nyepesi, mnunuzi anaweza kulipia namba tu. Kwa upande wa waya, wasimamizi haohao hawaruhusu hata kuandika namba ya toleo. Waya ulioidhinishwa kwa gigabiti 48 huandikwa “Ultra High Speed” na hubandikwa lebo inayohakikiwa kwa simu.

Kwa Dodoma, ambako serikali ilianza kuhamia mwaka 2016, suala hili haliishii sebuleni. Wizara na taasisi zinanunua luninga na projekta kwa fedha za umma. Kompyuta mpya yenye tundu la HDMI pekee ikikutana na projekta kuukuu ya VGA, waya mtupu hausaidii. Kinahitajika kigeuzi cha kubadili dijitali kuwa analojia. Si ajabu kikao kuchelewa watu wakihangaikia waya.

Maofisa ununuzi wangetenda vyema kuandika katika zabuni uwezo wanaoutaka, yaani gigabiti, fremu kwa sekunde na aina ya kinga, badala ya “HDMI 2.1”. Mnunuzi wa kawaida naye abebe king'amuzi chake hadi dukani, kiunganishwe na luninga kabla hajalipa.