Kioo Kisichopita Motoni

Mwanadamu akitaka kutengeneza kioo hana budi kuwasha moto mkali. Mchanga safi hauyeyuki mpaka joto lifike digrii 1,700 hivi za Sentigredi. Lakini huko Nchelenge, katika mwambao wa Ziwa Mweru nchini Zambia, wapo mafundi wanaofanya kioo usiku na mchana bila tanuri wala moto. Mafundi hao huitwa diatomu.

Diatomu ni mwani wa chembe moja tu, nayo haionekani moja moja ila kwa hadubini. Zikikusanyika kwa mamilioni huonekana kama utelezi wa kahawia juu ya mawe, matete na mbavu za mitumbwi. Kila moja huishi ndani ya kijumba cha vipande viwili, kimoja kikifunika kingine mithili ya kopo na kifuniko chake. Kuta zake ni silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga na katika kioo cha dirisha, nazo zimetobolewa matundu kwa safu zilizopangika hata fundi wa kuchonga milango ya Unguja angestaajabu.

Malighafi hutoka mbali. Mvua huila miamba polepole, na sehemu ya silika yake huyeyuka. Mito kama Luapula na Kalungwishi huiingiza ziwani ikiwa asidi ya silika, isiyoonekana kwa macho. Diatomu huivuta ndani kwa kupitia milango maalumu ya protini iliyo katika utando wa chembe.

Ujenzi wenyewe hufanyika wakati wa kugawanyika. Chembe moja ikiwa mbili, kila mtoto hurithi kipande kimoja cha nyumba ya zamani, naye hulazimika kujijengea cha pili. Ndani yake hutokea kifuko bapa kilicho kama kalibu. Asidi ya silika huingia humo, ikakutana na protini zinazoigandisha hata ikawa ngumu, na matundu hubaki pale ambapo silika haikuganda. Kipande kikiisha, kifuko hufunguka na ukuta mpya hutokezwa nje. Mwaka 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Regensburg, Ujerumani, walizieleza protini hizo. Walipozitia katika maji yenye asidi ya silika, vijipira vya silika viliganda kwa sekunde chache tu, bila kupashwa moto.

Kipande kipya daima hujengwa ndani ya kile cha zamani, kama sufuria ndogo inavyoingia katika kubwa. Hivyo mtoto aliyerithi kifuniko hubaki na ukubwa wa mzazi, bali aliyerithi kopo huwa mdogo zaidi. Kizazi hata kizazi ukoo huzidi kupungua kimo. Ukifika mpaka wake, diatomu huzaana kwa mbegu za kiume na za kike, huvua nyumba za zamani, na kiumbe kipya huvimba hata kuupata ukubwa wa asili, ndipo kijenge upya.

Kazi hiyo yatufaa sisi sote. Perege wa Mweru, ambaye wenyeji humwita pale, ni miongoni mwa samaki wanaokula vijimea hivyo. Diatomu zikifa, maganda huzama na kurundikana. Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, maganda ya ziwa la kale yamekuwa tabaka jeupe lililochimbwa kwa miaka mingi. Wanajeshi nao wakumbuke kwamba Alfred Nobel, aliyesajili uvumbuzi wa baruti ya dainamiti mwaka 1867, alitumia udongo wa namna hiyo kuinywesha nitrogliserini, maana matundu yake hunywa maji mengi.

Lakini faida nzito kuliko zote ni ile ya haki. Mwili ukiokotwa ziwani, jamaa huuliza: Je, ndugu yetu alizama akiwa hai, au alitupwa majini akiwa amekwisha kufa? Anayezama huvuta maji mapafuni. Diatomu ndogo hupenya hata kuingia katika damu, na moyo ungali ukipiga huzisambaza mpaka kwenye uboho wa mifupa. Aliyekwisha kufa hana moyo wa kuzipeleka huko. Daktari huuyeyusha uboho kwa asidi kali. Nyama huisha, lakini kioo husalia, naye hukilinganisha na diatomu za ziwa lile.

Ushahidi huu hautoshi peke yake. Diatomu zaweza kuingia kwa vyombo vichafu, na wapo waliozama kweli ambao hazikuonekana katika mifupa yao. Ndiyo sababu daktari huuweka pamoja na uchunguzi mwingine.

Basi askari atakayefika wa kwanza, pamoja na kuandika saa na mahali, ajaze maji ya pale pale katika chupa safi, aifunge vizuri na kuiandika. Jamaa nao wasiuoshe mwili kabla daktari hajauona. Maji ya upande mwingine wa ziwa yaweza kuwa na diatomu za namna nyingine, na chupa iliyojazwa kesho, mahali pengine, haitaweza kuwajibu wafiwa.