Pumzi ya Mama Mjamzito

Dada mmoja wa Muheza ametuandikia. Ana mimba ya miezi mitano, hawezi kulala bila kurundika mito mitatu, na daktari amemwambia mlango mmoja wa moyo wake umekuwa mwembamba. Mama mkwe amekataa: "Hakuna kupasuliwa na mtoto tumboni." Tusimlaumu mama huyo. Baadhi yetu tu wakwe, tungesema vivyo hivyo.

Ugonjwa huu mara nyingi ni wa tangu utotoni. Mtoto huumwa koo, akapewa maji ya chumvi, akapona. Baada ya wiki mbili tatu viungo huvimba kwa zamu, leo goti, kesho kifundo. Hiyo ni homa ya rumatiki. Viungo hupona, lakini moyo huweza kubaki na kovu. Msichana hukua, huolewa, wala hajui. Kisha mimba huongeza damu mwilini karibu nusu, nayo ikikuta mlango mdogo hurundikana nyuma, mapafuni. Jirani husema, "Ni mimba tu, vumilia." Mama anayeamka usiku kutafuta pumzi dirishani, au anayekohoa damu, asivumilie.

Sasa, kupasua kifua na kusimamisha moyo kweli ni hatari, hasa kwa mtoto aliye tumboni. Lakini si njia pekee. Mwaka 1982 daktari wa Kijapani, Kanji Inoue, alianza kutumia puto. Mrija mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa kinena, hupanda mpaka moyoni, na puto hujazwa katikati ya mlango ule kwa sekunde chache tu. Sehemu zilizogandamana huachana, damu ikapita. Mgonjwa huweza kuwa macho, amepigwa ganzi. Tumbo hukingwa na eksirei. Hakuna mshono kifuani.

Puto halimfai kila mtu. Kama mlango unavujisha sana, au damu imeganda ndani ya moyo, madaktari hutafuta njia nyingine. Wengine hutulia kwa dawa na kupumzika mpaka wajifungue. Aliyetibiwa kwa puto naye huendelea na sindano zake za penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na baada ya miaka mlango huweza kusinyaa tena.

Zamani maradhi ya moyo yalikuwa safari ya India. Tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na matibabu ya kupitia mishipa hufanyika huko.

Dada yetu, miezi minne ya kwanza imekwisha pita, na madaktari hupenda kusubiri ipite. Nenda Bombo na mumeo, na mama mkwe pia, asikie mwenyewe kwa daktari. Ombeni barua ya rufaa. Msingoje mahindi yavunwe.