Kompyuta ya Zamani na Mpya Zisipoelewana

Juma hili naomba ruhusa tuviache vyungu na mapazia, tutazame chombo ambacho kimekwisha kuingia katika kota zetu kama redio ilivyoingia zamani, nacho ni kompyuta. Nyumba nyingi sasa zina mbili: moja kuukuu iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, na nyingine mpya iliyoletwa na kijana aliyerudi masomoni. Zote mbili huunganishwa na ruta moja, lakini folda iliyofunguliwa katika hii haionekani katika ile, na wenye nyumba hudhani kwamba mojawapo imeharibika.

Taabu hiyo niliikuta kwa jirani yangu, mke wa sajini, ambaye ni mweka hazina wa kikundi cha akiba cha akina mama. Hesabu zote za kikundi tangu mwaka 2009 zimo katika kompyuta ya Windows XP. Miongoni mwa wanakikundi alikuwamo mjane wa koplo mmoja, ambaye ilimpasa kuihama kota mwisho wa mwezi na kurudi kwao pamoja na watoto wake. Ilikuwa haki yake kulipwa akiba yake yote, na ushahidi wa akiba hiyo ulikuwa ndani ya mashine ile tu, ambayo siku hizo ilikuwa ikizimika yenyewe mara mbili au tatu kwa siku.

“Shemeji,” mama huyo akaniambia, “ikifa hii kabla ya mwisho wa mwezi, mwenzangu nitamwambia nini?”

Nilimwuliza kwa nini wasizihamishe faili kwa flashi. Akanionyesha: matundu ya flashi yalikuwa yamekufa yote, na kisomea sahani hakikufunguka tangu mwaka juzi. Njia iliyobaki ilikuwa waya wa mtandao. Mwanawe alikuwa na kompyuta ya mkononi yenye Windows 11, na kwa siku mbili alijaribu kuziunganisha asifaulu. Mwishowe alipata ushauri kwamba airudishie mashine yake mpya kipande fulani cha zamani kilichoondolewa, na mambo yote yatanyooka. Nilipoingia alikuwa amekwisha kufungua ukurasa wa kukirudisha. Nikamwomba asubiri kidogo.

Kipande hicho ni nini, na kwa nini kiliondolewa? Kompyuta mbili zinapopeana faili, hapana budi zitumie utaratibu mmoja wa mazungumzo, kama vile askari wawili wa simu ya upepo wanavyolazimika kuwa katika wimbi moja. Katika kompyuta za Windows utaratibu huo huitwa SMB, na asili yake ni kazi iliyofanywa katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tangu hapo umekuwa ukitengenezwa upya. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, inajua SMB ya kwanza peke yake. SMB ya pili ilikuja na Windows Vista, iliyouzwa kwa watu wote Januari 2007, na ya tatu ikaja na Windows 8 mwaka 2012. Windows 7 ya mwaka 2009 imesimama katikati, kwa maana inaijua ya kwanza na ya pili pia. Windows 11 inazungumza ya pili na ya tatu, lakini ile ya kwanza haimo ndani yake mpaka mwenyewe airudishe kwa makusudi. Basi kompyuta mbili za jirani yangu zilikuwa nzima, ila hazikuwa na neno hata moja la kuambiana.

Kuiondoa SMB ya kwanza hakukuwa kiburi cha watengenezaji. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilienea duniani kwa kupita katika kasoro iliyokuwamo katika SMB hiyo. Kilizifunga faili za watu kwa ufunguo wa siri, kisha kikadai fedha ili kuzifungua. Katika Uingereza hospitali nyingi za serikali zilikwama, na wagonjwa kwa maelfu waliahirishiwa miadi yao. Dawa ya kasoro ile ilikuwa imetolewa tangu Machi mwaka huo huo, lakini mashine zisizohesabika zilikuwa hazijapewa. Kirusi hakikumngoja mtu abonyeze kitu. Kilitoka mashine moja hadi nyingine chenyewe, mradi mlango ule wa zamani uwe wazi.

Wasomaji wetu walio jeshini na polisi watakuwa na hamu zaidi ya kusikia habari za kirusi kilichotangulia, jina lake Conficker, kilichoonekana mara ya kwanza Novemba 2008. Hiki kilikuwa na njia tatu: kasoro ya Windows, flashi inayopitishwa mkono kwa mkono, na folda za kushirikiana ambazo neno lake la siri ni jepesi, kwani kilibahatisha maneno ya siri moja baada ya jingine mpaka kiliposhinda. Januari 2009 kiliingia katika mtandao wa Jeshi la Majini la Ufaransa, ikabidi mtandao huo utengwe. Mapema mwaka 2010 kiliwapata polisi wa jimbo la Manchester, Uingereza. Kwa siku tatu hivi walikatwa kutoka hazina kuu ya kumbukumbu za polisi wa nchi ile, na askari aliyetaka kujua kama gari limeibwa ilimpasa kuwaomba wenzake wa jimbo jingine wamtazamie. Ikiwa hayo yalivipata vikosi vyenye mafundi wa kulipwa, kijana wa likizo sebuleni asione haya kusubiri dakika kumi.

Kijana alinisikiliza, kisha akauliza swali la haki kabisa: “Sasa mzee, hesabu za mama zitatokaje?”

Jibu lilikuwa nyumba ya tatu kutoka pale. Huko anakaa fundi wa simu za upepo ambaye bado anayo kompyuta ya Windows 7, naye aliniapia kwamba ile dawa ya Machi 2017 alikwisha kuiweka. Kwa kuwa Windows 7 inajua SMB ya kwanza na ya pili, ingeweza kuwa mkalimani: ipokee kutoka kwa mzee kwa lugha ya mzee, kisha impe kijana kwa lugha ya kijana. Tuliileta kwa baiskeli, imefungwa kwa shuka.

Jambo la kwanza tulichomoa waya uletao intaneti katika ruta, tukabakiza nyaya za kompyuta peke yake. Windows XP iliachwa na watengenezaji wake Aprili 2014, na Windows 7 Januari 2020. Kwa kawaida hazipati tena marekebisho, hivyo si vema kuzifungulia folda hali mlango wa nje u wazi. Kisha katika XP tuliibonyeza folda ya hesabu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, tukaingia katika sifa zake, tukairuhusu ionekane mtandaoni. Ile kompyuta ni ya XP ya nyumbani, ambayo haimwulizi mgeni jina wala neno la siri. Yeyote aliye katika ruta huingia. Kwa hiyo tulihakikisha kwamba kipo chombo kimoja tu cha kuingia, nacho ni cha fundi.

Katika mashine ya fundi, kompyuta ya mama haikuonekana katika orodha. Hapa wengi hukata tamaa, kumbe orodha hiyo ni goigoi, na kutoonekana si dalili ya kutokuwapo. Andika wewe mwenyewe katika mstari wa anwani, juu ya dirisha la mafaili, mikwaju miwili iliyolalia nyuma, halafu jina la kompyuta unayoitaka, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Tulifanya hivyo na folda ikafunguka. Faili zote zilinakiliwa kwa dakika sita, na katika dakika ya nne taa ya mashine kuukuu ilififia kiasi kwamba mama alishika kichwa. Haikuzimika. Mara tulipomaliza tulichomoa waya wake wa mtandao, maana kazi yake ilikuwa imekwisha. Fundi akazikagua faili kwa programu ya kusaka virusi kabla ya kuendelea.

Safari ya pili, kutoka Windows 7 kwenda Windows 11, ndiyo itakayowafaa wasomaji wengi zaidi, kwa sababu kati ya mashine za aina hiyo hapahitajiki mkalimani. Hata hivyo ilitukwamisha mara tatu. Mara ya kwanza ni kwa kuwa kompyuta ya mkononi ilikuwa imeelezwa kwamba ipo katika mtandao wa hadharani, kama wa hotelini, kwa hiyo ilijifungia. Tuliingia katika mipangilio ya mtandao tukachagua kwamba ni wa faragha. Uchaguzi huo ufanyeni nyumbani tu.

Mara ya pili ni kwa kuwa fundi huifungua kompyuta yake bila neno la siri. Windows humruhusu mtu wa namna hiyo akiwa ameketi mbele ya mashine, lakini humkatalia akija kwa njia ya mtandao, na hufanya vema. Hatukulegeza sharti hilo. Tulimtengenezea mama akaunti yake katika mashine ya fundi, yenye jina na neno la siri refu, tukaishirikisha folda kwa akaunti hiyo peke yake.

Mara ya tatu ilituchekesha. Windows 11 iliuliza jina na neno la siri, kijana akaandika zile tarakimu nne anazofungulia kompyuta yake kila siku. Ikakataa, akarudia, ikakataa. Tarakimu hizo ni za mashine ile aliyoishika mkononi tu, wala hazivuki kwenda nyingine. Inayoulizwa ni akaunti ya kule faili ziliko. Alipoandika jina na neno la siri tulilompa mama, folda ilifunguka mara moja.

Nisipite bila kutaja ruhusa, kwa kuwa hapo ndipo fedha za watu hupotea bila mwizi. Unapoishirikisha folda unaweza kumpa mwenzako kusoma tu, au kusoma na kuandika. Aliyepewa kuandika anaweza pia kufuta, na mtoto wa miaka mitano ajuaye kubonyeza anaweza kufuta hesabu za miaka mitano. Zaidi ya hayo kuna ruhusa za namna mbili: moja ya folda inavyoonekana mtandaoni, na nyingine ya faili zenyewe ndani ya diski. Mtu ajapo kwa njia ya mtandao hupimwa kwa zote mbili, na iliyo kali zaidi ndiyo ishikayo. Ndiyo maana mtu hulalamika kwamba amekwisha kumpa mwenzake ruhusa kamili na bado anakataliwa. Kikundi cha jirani yangu sasa kimekata shauri hivi: mweka hazina anaandika, mwenyekiti na katibu wanasoma tu.

Jioni ile ile kitabu cha hesabu kilifunguliwa mezani, mjane akiwapo, na mwenyekiti akasoma mwezi baada ya mwezi. Ilionekana kwamba mwaka mmoja alichanga mara mbili kwa miezi minne mfululizo, akimlipia mwenzake aliyelazwa hospitali, na deni hilo halikurudishwa. Yeye mwenyewe alikuwa amelisahau. Aliyelipiwa alikuwapo mezani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atalipa Jumamosi, naye alilipa.

Kabla ya kuirudisha kompyuta ya fundi tuliiondoa folda katika ushirika, tukaifuta akaunti ya mama pamoja na nakala iliyobaki pale, kisha ndipo waya wa intaneti ukarudishwa katika ruta. Nakala nyingine ya hesabu imo katika flashi mpya ndani ya sanduku la bati la mwenyekiti. Mashine ya XP bado ipo sebuleni bila waya wa mtandao, na watoto huchezea karata mpaka izimike.