Mwanasheria Mbele ya Tume

Charles Njonjo alipofariki tarehe 2 Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 101, wengi walisimulia suti zake za mistari na ua lililokaa daima kifuani pake. Sisi twapenda kutazama sheria aliyokuwa ameishika mkononi.

Alisomea uwakili Uingereza, akawa Mwanasheria Mkuu wa Kenya tangu 1963 hadi 1980. Tusimnyime sifa yake: mwaka 1976, baadhi ya wakubwa walipotaka katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asimrithi Mzee Kenyatta, Njonjo aliwaonya kwamba hata kuwazia kifo cha Rais ni kosa la jinai. Njia ya katiba ikabaki wazi, na Moi akaipita mwaka 1978.

Lakini ndiye aliyekuwa mshauri wa serikali katika sheria mwaka 1966, Bunge liliporuhusu mtu kutiwa kizuizini bila kushtakiwa. Na Juni 1982, akiwa Waziri wa Mambo ya Katiba, aliwasilisha bungeni mswada wa kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja. Mwaka huo George Anyona, aliyetaka chama kingine, alitiwa kizuizini. Wakili John Khaminwa, mtetezi wa waliozuiliwa, naye akatiwa kizuizini.

Mwaka haukutimia. Mei 1983 Rais Moi alitangaza kuwa yuko msaliti anayeandaliwa na wageni kuitwaa nchi. Jina hakulitaja, wabunge walilitaja. Njonjo akaupoteza uwaziri, akatoka bungeni, na mwaka 1984 akafika mbele ya tume iliyoongozwa na Jaji Cecil Miller. Desemba mwaka huo Rais alimsamehe.

Wako wasemao alivuna alichopanda. Hatukubaliani nao. Kuitwa msaliti majukwaani kabla ya ushahidi kusikilizwa kulikuwa dhuluma, hata kwake. Ila katika tume alipata mawakili, vikao vya hadhara, na nafasi ya mashahidi kuhojiwa. Hayo hayakuwa fadhila. Yalikuwa haki ileile ambayo Anyona hakuipata.

Kwa hiyo, viongozi wa jumuiya, wakili ajapo kuwaomba kura, shahada zake ziacheni ukutani. Mwulizeni alisema nini siku mpinzani wake alipochukuliwa usiku bila hati, na kama alisema hadharani.