Kinamasi si jaa

Kwa miaka mingi tumekitazama kinamasi kama adui: maskani ya mbu, ardhi isiyofaa kitu mpaka ikaushwe na kulimwa. Naona wakati umewadia wa kuyapima upya mawazo hayo, hasa tunapokumbuka jinsi mito yetu inavyochafuliwa na viwanda.

Mafunjo na matete ni mafundi wa kusafisha maji. Maji taka yakipitishwa polepole katika kidimbwi chenye changarawe na mimea hii, chembechembe za taka hutuama na kunaswa. Vijidudu visivyohesabika vilivyojishikiza mizizini na katika changarawe huzila taka zinazooza. Naitrojeni na fosforasi, ambazo zikifika ziwani huyarutubisha magugu-maji, kwa sehemu hufyonzwa na mimea yenyewe. Hata hivyo, ni sharti mimea hiyo ivunwe; ikiachwa ioze papo hapo, huyarudishia maji yale iliyoyafyonza.

Hizi si ndoto za vitabuni. Mwaka 1994, mkahawa wa Carnivore jijini Nairobi ulianza kusafisha maji taka yake kwa njia hii. Huko Webuye, kabla ya kiwanda cha karatasi kusimamisha kazi mwaka 2009, wataalamu waliyajaribu maji yake katika vidimbwi vya mafunjo na matete, wakaona fenoli, ambayo ni sumu kwa samaki, ikipungua. Ikumbukwe kuwa maji ya Webuye huteremka na mto Nzoia hadi Ziwa Victoria.

Lakini msomaji asidhani nimegundua dawa ya kila ugonjwa. Risasi, zebaki, na kromu ya viwanda vya ngozi haziliwi na kijidudu chochote. Hubaki matopeni na mizizini, zikisubiri siku ya kutudhuru. Hizo hazina budi kuondolewa kiwandani kwanza. Wala vinamasi vya asili visigeuzwe majaa kwa kisingizio kwamba vinajua kusafisha. Kidimbwi cha kiwanda na kichimbwe na mwenye kiwanda, katika ardhi yake, kwa gharama yake.

Sheria nayo haikukosekana. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka maji yanayoachiliwa katika mazingira yasiwe na zaidi ya miligramu 30 za chembechembe katika kila lita. Basi, ikiwa sheria ipo na mmea unajiotea wenyewe, kilichopungua ni nini kama si nia? Mwenye kiwanda anayelalamika kuwa mitambo ya kigeni ni ghali atajitetea vipi mbele ya mafunjo?

Nawasihi walimu wawapeleke wanafunzi kinamasini, wakaione mizizi kwa macho yao. Kizazi kitakachojua kazi ya mafunjo hakitakubali kuambiwa kwamba mto mchafu ndio bei ya maendeleo. Wahenga walinena: mdharau mwiba mguu huota tende.